Mshipa wa fahamu wa mguu: kwa nini mpimaji anakugeuza kitandani

Ndugu wafanyakazi wengi wanaopelekwa hospitali kupimwa mguu kwa mashine ya ultrasaundi hurudi na swali moja. Kwa nini mpimaji alinilaza chali, halafu ubavu, halafu kifudifudi, akaniwekea mto chini ya kifundo, akaniambia nichezeshe wayo, na mguu unaouma ni huohuo mmoja? Wengine hudhani wanasumbuliwa bure. Wengine, hasa kina mama, huona haya wakakataa kugeuka. Na wapo wanaopimwa haraka haraka wakiwa wameketi kwenye kiti, wakaandikiwa kwamba mshipa ni mzima, kisha wakarudishwa kwenye kazi ileile iliyowaumiza.

Makala haya yanaeleza jinsi ulalaji wa mgonjwa unavyoamua kile ambacho mashine hiyo inaweza kukiona. Jambo hili si dogo, kwa kuwa karatasi inayotoka katika chumba kile mara nyingine ndiyo inayotazamwa mtu anapoomba kazi nyepesi au fidia.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Katika maongezi yetu neno mshipa linabeba mizigo mingi. Unaopitisha damu ni mshipa, kano inayoshika msuli kwenye mfupa nayo watu huiita mshipa, na hata ngiri wapo wanaoiita mshipa. Hapa tunazungumza juu ya mshipa wa fahamu peke yake, ule unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli, na kurudisha habari kutoka kwenye ngozi kwamba hapa pana moto, hapa pana mwiba. Ukimwambia daktari "mshipa unanivuta" bado hujamwambia kitu. Mwambie kwamba una ganzi juu ya wayo, au kidole gumba hakiinuki, au unyayo unawaka moto usiku.

Mshipa wa fahamu mkubwa kuliko yote mwilini uko mguuni. Unatoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, unapita ndani ya tako, unashuka nyuma ya paja, nao ni mnene kama kidole cha mkono. Juu kidogo ya kikunjo cha goti, mara nyingi kati ya sentimita 5 na 10, ingawa watu hawafanani, unagawanyika. Tawi moja hushuka katikati ya chafu ya mguu, likapita nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo na kuingia unyayoni. Tawi la pili hukata kwenda upande wa nje, likauzunguka mfupa mwembamba wa muundi chini kidogo ya goti.

Ndugu msomaji, papasa sasa hivi upande wa nje wa mguu wako, chini ya goti. Utakuta kifundo kidogo kigumu cha mfupa. Mshipa unapita nyuma yake na kuzunguka chini yake. Mahali hapo hakuna nyama ya kuukinga: ni ngozi, kisha mshipa, kisha mfupa. Ndiyo sababu mahali hapo panatuhusu sana sisi.

Mtu anayechuchumaa kwa saa nyingi hukunja goti mpaka mwisho, na mshipa ule hubanwa kati ya mfupa, misuli na kano. Mwaka 1980 jarida moja la madaktari wa mishipa ya fahamu huko Marekani liliandika habari za wachuma stroberi waliopooza wayo kwa sababu hiyo, na ugonjwa huo ukapata jina la hao wachumaji. Lakini si stroberi inayoumiza, ni mkao. Mama anayejaza udongo kwenye vifuko vya miche katika kitalu cha chai, anayepalilia kwa mkono huku amechuchumaa, au anayechambua kahawa ameketi chini na kukunja miguu, awe Mulindi, Rwegura au Kabarole, anaubana mshipa uleule. Dalili huanza kwa ganzi juu ya wayo. Halafu asubuhi moja wayo hauinuki, unaburura, kiatu kinajikwaa kwenye jiwe. Nyapara asiyejua husema huyu ni mvivu. Majirani husema amerogwa.

Sasa tuje kwenye mashine. Ultrasaundi haitumii miali kama ile ya picha ya eksirei. Inatumia sauti, ila ni sauti nyembamba mno ambayo sikio halisikii. Sikio la binadamu hukoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mashine ya kupimia mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi hutoa mitetemo kati ya milioni 7 na milioni 18, na pengine zaidi. Kichwa cha mashine kinatuma sauti ndani ya nyama na kusikiliza mwangwi unaorudi. Kinachorudisha mwangwi mkubwa huonekana cheupe kwenye kioo, kisichorudisha huonekana cheusi. Jeli inayopakwa ni ya kuondoa hewa kati ya kichwa cha mashine na ngozi, kwa kuwa hewa huizuia sauti hiyo isipenye.

Kazi ya kutazama mishipa ya fahamu kwa njia hii si ya kale. Daktari Bruno Fornage aliandika mwaka 1988 jinsi mishipa ya mikono na miguu inavyoonekana, na tangu hapo mashine zimekuwa kali zaidi. Ukitazama mshipa kwa kuukata mkato wa kupita, kwa picha tu bila kisu, unaona vidoto vyeusi ndani ya wavu mweupe. Aliyewahi kukata kamba nene ya katani na kutazama ncha yake atafahamu mara moja. Vidoto ni vifungu vya nyuzi, na wavu ni utando unaovishikilia.

Hapo ndipo ulalaji unapoingia, na sababu yake ya kwanza ni pembe. Chukua panga lililonolewa, ulielekeze juani. Likiwa sawasawa na jicho lako linametameta. Ligeuze kidogo tu, mng'aro unapotea, ingawa panga ni lilelile. Mshipa wa fahamu na kano hufanya hivyohivyo mbele ya sauti. Sauti ikiupiga mshipa kwa kusimama wima, mwangwi unarudi na mshipa unaonekana. Ikiupiga kwa kuinama, mwangwi unatupwa kando na mshipa unafifia, au unapotea kabisa kati ya nyama. Kano hupotea haraka zaidi kuliko mshipa, na mpimaji stadi hutumia tofauti hiyo kuvitenganisha. Lakini ili aweze kusimamisha kichwa cha mashine wima juu ya mshipa, sharti mguu wenyewe uwe umekaa mahali panapofikika. Mguu uliopinda vibaya kwenye kiti humlazimisha kupima kwa kuinama.

Sababu ya pili ni kina. Sauti yenye mitetemo mingi hutoa picha safi lakini haifiki mbali. Yenye mitetemo michache hufika mbali, ila picha yake ni ya ukungu. Mshipa ulio kwenye kile kifundo cha mfupa chini ya goti haufiki sentimita 1 kutoka kwenye ngozi kwa watu wengi. Nyuma ya goti ni sentimita 2 hadi 4 hivi. Ndani ya tako unaweza kuzidi sentimita 5, na kwa mtu mnene zaidi ya hapo. Ukilala ubavu, mguu mbaya ukiwa juu, na ukakunja nyonga mbele, nyama ya tako hutandazwa ikawa nyembamba, na mifupa miwili ambayo mshipa hupita katikati yake hujitokeza. Mpimaji anapokuambia ulete goti kifuani kidogo, anaupunguza unene wa ukuta anaotaka kuchungulia.

Sababu ya tatu watu wengi hawaijui. Mshipa wa fahamu si waya uliopigiliwa. Unateleza na kuvutika kadiri viungo vinavyokunjwa. Ukilala chali na mguu ukainuliwa ukiwa umenyooka, mshipa wa nyuma ya paja unakazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Goti likikunjwa, unalegea. Mshipa uliokazwa na mshipa uliolegea havilingani umbo, na mtu akipima mmoja hivi na mwingine vile, hapimi ugonjwa bali anapima mkao.

Tuseme sasa mkao wenyewe kwa kila mahali.

Kwa kutazama nyuma ya goti, mkao ulio bora ni kifudifudi, miguu ikiwa imenyooka na mto mdogo chini ya vifundo ili goti likunjike kidogo. Goti likinyooka kabisa, utando wa nyuma hukazika na kichwa cha mashine hakikai vizuri. Mpimaji huanza kwenye kikunjo, akatafuta mshipa wa damu unaodunda. Tawi la katikati liko juu yake, karibu zaidi na ngozi. Kutoka hapo hupanda polepole mpaka yale matawi mawili yakutane na kuwa mshipa mmoja. Ukiambiwa "inua vidole, shusha vidole", usidhani ni mchezo. Wayo unapopanda na kushuka, matawi hayo mawili hupishana kwenye kioo kama watoto kwenye ubao wa bembea, huyu juu, yule chini. Nyama inayoyazunguka haifanyi hivyo. Mara nyingi mshipa usioonekana hapo kwanza hujulikana kwa mwendo huo.

Asiyeweza kulala kifudifudi, kwa mfano mama mjamzito, mtu mwenye pumu iliyomshika, au aliyevunjika mguu kiwandani, asilazimishwe. Alale ubavu. Au alale chali, wayo na kifundo vipandishwe juu ya blanketi zilizokunjwa mpaka pabaki nafasi ya kupitisha mkono na kichwa cha mashine chini ya goti. Njia hii humchosha mpimaji kwa kuwa anafanya kazi kwa chini, lakini inawezekana, na ndiyo inayotumika mara nyingi mgonjwa anapochomwa dawa ya ganzi karibu na mshipa kabla ya kupasuliwa wayo. Siku hizi sindano hiyo huelekezwa kwa mashine hiihii, na hapo mkao mbaya una hatari zaidi ya picha mbaya, kwa sababu anayeshika sindano anapaswa kuona ncha yake na mshipa kwa wakati mmoja.

Kwa kile kifundo cha nje ya goti, lala ubavu mguu mbaya ukiwa juu, mto kati ya magoti, goti limekunjwa kidogo. Au lala chali, goti limekunjwa kidogo, mguu umegeuzwa ndani. Hapa hakuna haja ya kukandamiza. Mshipa uko juu ya mfupa. Mkono mzito unaubandika kwenye mfupa na umbo lake linabadilika. Ikiwa kubonyezwa hapo kunakupa mshituko unaoshuka hadi juu ya wayo, sema mara moja, usivumilie kwa ushujaa. Mshituko huo ni habari ambayo mashine haiwezi kuipata bila kinywa chako.

Kwa mshipa wa unyayo, lala chali, kunja goti na uliache lianguke nje kama mtu aliyekalia mkeka, ili upande wa ndani wa kifundo utazame juu. Mshipa uko hapo pamoja na mishipa ya damu na kano, vyote vimebanana njia moja. Mishipa ya damu inayorudi moyoni ni mitepe: ikibonyezwa kidogo hujifunga, ikiachwa hufunguka. Mshipa wa fahamu haujifungi. Kwa hiyo mpimaji hubonyeza na kuachia, akijua kipi ni kipi. Na mishipa hiyo ya damu hujaa mtu anapoketi miguu ikining'inia. Hiyo nayo ni sababu ya kutopenda kupima mtu akiwa kitini.

Mshipa wa mbele ya paja hutazamwa mtu akiwa chali, mguu umenyooka na umegeuzwa nje kidogo, kwenye kinena. Hapa ndipo haya huingia. Kina mama wana haki ya kufunikwa kanga au kitenge na kubakiza wazi mahali panapopimwa tu, na kuomba mwenzao wa kike awepo chumbani. Vaa bukta pana au kanga siku hiyo. Hakuna haja ya kufunga kula kwa kipimo cha mguu.

Tumesema mengi juu ya kuona. Kuna pia kupima ukubwa, na hapo ndipo fedha na haki zilipo. Mshipa uliobanwa au kuugua mara nyingi huvimba karibu na mahali palipobanwa. Ukoma nao hunenepesha mishipa hiyohiyo ya nje ya goti na ya kifundo, na hospitali zinazotibu ugonjwa huo hutafuta unene huo. Mpimaji huuzungushia mstari mkato wa mshipa kwenye kioo, na mashine husema eneo lake. Kwenye kile kifundo cha nje ya goti, mshipa mzima una eneo karibu na milimita za mraba 10.

Kata muwa kwa panga lililo wima, upate ncha ya duara. Kata muwa huohuo mshazari, upate ncha ndefu ya yai. Muwa haukunenepa. Mkato ulioinama kwa nyuzi 45 huongeza eneo kwa zaidi ya thuluthi moja, yaani mshipa wa 10 utasomeka 14. Na kinyume chake, kichwa cha mashine kikibonyezwa sana, mshipa uliovimba unaweza kuonekana kama kawaida. Kwa hiyo mguu mzuri na mguu mbaya sharti vipimwe katika mkao mmoja, goti likiwa na pembe moja, mahali pamoja, mkono ukiwa mwepesi sawa. Aliyepima mguu mbaya tu hana cha kulinganisha nacho. Hapa tunasema bila kumung'unya: kipimo cha mguu mmoja, mtu akiwa kitini, hakitoshi kumwambia mfanyakazi kwamba hana kitu.

Mashine hii ina faida moja kuliko ile kubwa ya sumaku, ambayo humtaka mgonjwa alale kimya bila kutikisika. Kwa ultrasaundi unaweza kumwonyesha mpimaji mkao unaokuumiza. Mwambie: ganzi hunianza nikichuchumaa. Anaweza kukunja goti lako polepole huku akitazama mshipa. Anaweza pia kuona kama kuna uvimbe wa maji umejificha ndani ya mshipa karibu na kiungo, jambo ambalo hutokea na ambalo tiba yake ni nyingine kabisa.

Lakini tusiitukuze mno. Inaonyesha umbo, haionyeshi kazi. Mshipa unaweza kuonekana vizuri na usipitishe amri vema. Kazi hiyo hupimwa kwa kipimo kingine cha umeme. Na haipenyi mfupa. Mpagazi wa magunia ambaye maumivu yake yanaanzia kiunoni na kushuka mguuni anaweza kuwa amebanwa kwenye uti wa mgongo, na picha ya goti, hata ikiwa safi namna gani, haitasema kitu. Daktari ana njia rahisi ya kuanza kutenganisha. Atakuambia ugeuze wayo ndani kwa nguvu. Aliyebanwa kwenye kifundo cha nje ya goti kwa kawaida bado anaweza, ingawa kuugeuza nje na kuuinua kunamshinda. Akishindwa na huko ndani pia, mtu atazame kiunoni.

Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi la Kimataifa, iliyorekebishwa mwaka 2010, inataja kwa jina madhara ya goti yatokanayo na kupiga magoti au kuchuchumaa muda mrefu, na madhara ya mishipa ya fahamu yatokanayo na mitetemo ya mashine. Kubanwa kwa mshipa wa nje ya goti kwa ajili ya kuchuchumaa hakukutajwa kwa jina. Orodha hiyo hata hivyo imeacha mlango kwa magonjwa mengine ya misuli na mifupa, ikiwa uhusiano wake na kazi umethibitishwa. Sheria za nchi zetu hazifanani, na mwakilishi wa chama tawini atakueleza ya kwako. Popote ulipo, neno ni hilo, kuthibitisha, na kwa hiyo karatasi ya mpimaji iandikwe vizuri.

Omba kwa heshima iandikwe miguu yote miwili imepimwa, ulikuwa umelala vipi, goti lilikuwa limekunjwa au limenyooka, na mshipa ulikuwa na eneo gani upande huu na upande ule. Mwambie daktari pia kazi yako kwa maneno ya kawaida: saa ngapi kwa siku unachuchumaa, na tangu mwezi gani. Mshipa uliobanwa kwa kuchuchumaa mara nyingi hupona kwa majuma au miezi ukiachwa kubanwa, ndiyo sababu kuhamishiwa kazi ya kusimama kusingoje mpaka wayo ulegee kabisa. Baada ya miezi 3 hivi daktari anaweza kutaka upimwe tena aone kama uvimbe umepungua, na atakayekupima huenda akawa mtu mwingine. Akiwa na karatasi ya kwanza iliyoandika mkao, atakulaza vilevile, na tarakimu zake zitalinganishwa na zile za mwanzo. Kwa hiyo chukua nakala yako, uiweke nyumbani mahali pakavu, na nyingine mpe katibu wa tawi.